Midomo ya Fundi

4 Machi

Mzee Wino, shikamoo.

Hunijui, ila mimi nakujua tangu nikiwa binti wa miaka kumi na mitatu. Ndimi msimamizi wa michoro katika studio iliyogeuza visa viwili vya kwanza vya manga yako, hadithi ya picha za vitabuni, kuwa anime, katuni ya kwenye skrini. Kazi yangu ni kupitia kila picha wanayochora wenzangu na kufuta isiyofaa, ndiyo maana hapa wananiita Kifutio, na si kwa mapenzi. Nimeambiwa barua pepe huna na simu hupokei. Basi nimezunguka ofisi nzima nikitafuta bahasha, mpaka nikaipata kwenye droo ya mlinzi.

Bosi ameniagiza nipime kama kisa cha tatu, Kisa cha Joho, kinaweza kutengenezwa. Sura sitini na moja, Mzee wangu! Bosi alizisoma akashika kichwa. "Mtu anakimbia jeshi, anajificha chumbani kwa fundi cherehani, halafu huyo mama anashona sura sitini na moja. Anashona ramani ndani ya bitana ya joho ili mtoro apate njia, sawa, nimeelewa. Lakini nani atakaa kumwangalia mtu akishona?" Nikamwambia, mimi. Akasema mimi sihesabiki.

Ningempa sura ya ishirini na saba peke yake. Kurasa kumi na moja za Fundi akitia uzi kwenye tundu la sindano, na mabuti ya askari yanapanda ngazi. Hakuna neno hata moja. Siku niliyoisoma mara ya kwanza nilipitiliza kituo changu, nikageuza, nikapitiliza tena.

Sasa nina ombi. Nimehesabu picha za Fundi, ziko mia tatu themanini na nane, na hakuna hata moja ambayo mdomo wake uko wazi. Ama ana pini tano katikati ya midomo, ama ameinamia cherehani, ama kitambaa kimepita mbele ya uso. Na anaongea huyu! Viputo vya maneno vimejaa juu ya kichwa chake, maneno ya kuchekesha na ya kuliza. Kwenye manga inatosha, msomaji anajaza sauti mwenyewe. Kwenye anime mdomo lazima uende. Kila mhusika tunamtengenezea karatasi ya midomo: anaposema a, e, i, o, u, na anaponyamaza. Za wengine wote ulitupatia. Naomba ya Fundi.

Nahisi ulikuwa unakwepa kazi tu. Midomo ni migumu, hata mimi huikimbia.

Wako mwenye adabu zote,
Kifutio


12 Machi

Binti Kifutio,

Marahaba. Dada yangu, ambaye ninakaa naye, ndiye anayefungua barua za nyumba hii. Alisoma yako yote akiwa amesimama mlangoni, akafika pale unaposema nakwepa kazi, akaja kunipiga nayo begani. Kwa hiyo ujue una mtu wako humu.

Nami niseme yangu kwanza. Mbwa wa lango katika kisa cha pili. Nilimchora akichechemea mguu wa kushoto wa nyuma, halafu sura tano mbele nikasahau, nikampa miguu minne mizima. Wasomaji hawakuona. Mhariri hakuona. Nikaangalia anime yenu, mbwa anachechemea mpaka mwisho, mguu ule ule. Niliinuka kwenye kiti. Nikajiuliza ni nani huyo anayenijali kuliko ninavyojijali mwenyewe. Sasa nimemjua, na bahasha yake ina alama ya kikombe cha chai cha mlinzi.

Kuhusu midomo, umenikamata. Uvivu. Mchoraji wa manga anachora kurasa ishirini kwa wiki, pini tano ni rahisi kuliko meno thelathini na mawili.

Lakini karatasi ya midomo ya Fundi haipo na haitakuwepo. Nakushauri hivi: mwacheni bila sauti. Maneno yake yaandikeni kwenye skrini, watu wasome. Mtoro aongee, askari wapige kelele wanavyotaka, ila Fundi abaki vile vile. Ni kisa kizuri, nakubali, mimi mwenyewe kilinishangaza nilipokuwa nakichora. Msikiharibu kwa kelele.

Mzee Wino
(uzee wenyewe nimepewa na wasomaji, mimi sijauomba)


21 Machi

Mzee wangu, shikamoo tena.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Bosi amekubali!

Nilifanya ujanja. Badala ya kumwandikia ripoti nilikaa na vijana wangu wawili wa mezani tukatengeneza dakika moja ya majaribio, sindano na uzi tu, kutoka sura ya ishirini na saba. Ule mkono wa Fundi unaotulia pale mabuti yanapofika ngazi ya mwisho, tumeuchora mara arobaini. Bosi alianza kuangalia akiwa na kikombe mkononi. Dakika ikaisha, kikombe bado kiko hewani, chai haijaguswa. Akasema, "Aliweza kutia?" Nikamwambia, ndiyo hilo, Bosi, ndiyo hilo watu watakaa kuangalia!

Ila ana sharti moja. Fundi lazima aongee. Nimemweleza wazo lako la maneno kwenye skrini, nimelipigania kweli, nikatoa mpaka jasho. Akasema watu wanaangalia anime huku wanapiga pasi na wanamenya viazi, nani atasoma? Bila sauti ya Fundi hakuna kisa. Kikao cha uamuzi ni tarehe kumi na tano Mei, na lazima mezani viwepo vitu viwili: karatasi ya midomo, na sahihi yako.

Basi, kwa vile unasema ni uvivu, nimekupunguzia kazi. Nimechora karatasi ya midomo mwenyewe. Nimemtoa zile pini, nikamfungua mdomo, nimempa a, e, i, o, u na wa kucheka juu yake. Imo humu ndani. Sijisifu, lakini ule wa kucheka niliuangalia nikajiona mtaalamu. Wewe weka sahihi tu, kazi imekwisha.

Nimefurahi mpaka nashindwa kula.

Kifutio


5 Aprili

Binti,

Karatasi yako nairudisha. Sikuikunja wala kuichana, kwa kuwa ni kazi ya mkono wa mtu.

Huyo si Fundi. Kisa cha Joho hakitatengenezwa. Tafadhali usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Mzee Wino


10 Aprili

Mzee wangu,

Umenikataza kuandika juu ya jambo hili, nami nakiuka mara moja tu, kuomba radhi.

Nimekaa na ile karatasi siku tatu nikitafuta kosa. Nikaona labda ni taya, nikalichora upya. Nikaona labda ni pembe za midomo. Nimefanya karatasi kumi na sita na zote nimezifuta. Macho yangu ndiyo kazi yangu, na safari hii hayaoni. Nilichojua ni kwamba nimechukua kitu chako nikakishika vibaya, tena nikakuletea nikichekelea kama mtu aliyekuletea zawadi. Nisamehe. Hata ule utani wa kukwepa kazi, nisamehe na huo.

Acha nikwambie kwa nini nilikuwa na haraka. Mama yangu alikuwa fundi viatu. Sikuwa najivunia. Nilikuwa nikipita mbele ya kibanda chake na wenzangu wa shule naangalia upande wa pili. Halafu nikaazimwa juzuu lako la tisa. Vitabu vyote nilivyokuwa nimesoma vilijaa watu wa mapanga, na wewe umemchora mwanamke anayepima kola, anaona imezidi upana wa nyuzi mbili, anaifumua yote, anaanza upya, na jeshi liko njiani. Ukurasa mzima umempa kola! Nilitoka shule nikaenda kukaa kibandani kwa mama, nikamwangalia akishona soli. Hakuniuliza nimefuata nini. Nilienda kila siku mpaka nilipomaliza shule, na Fundi ndiye niliyemchora nyuma ya daftari zangu zote. Nilitaka watoto wengine wapite njia hiyo hiyo, basi.

Kikao kikifika nitaandika kwamba haiwezekani, na sitasema ni wewe uliyekataa. Nitasema ni mimi nimeshindwa, na ndio ukweli.

Heshima zangu kwa dada yako.

Kifutio


18 Aprili

Mwanangu Kifutio,

Anayekuandikia ni dada yake Mzee Wino, yule wa kumpiga na barua. Yeye hajui. Yuko chumba cha pili anachora, na wino ukishamkolea hata ukibomoa ukuta hasikii.

Barua yako ya mwisho aliiwahi kabla sijaifungua, akaificha ndani ya kamusi. Miaka yote hii na bado hajui kuficha kitu. Nimeisoma, nikakaa nayo, nikaona nisipoandika mimi, ninyi wawili mtaombana radhi mpaka mfe na kisa changu kitakufa nanyi.

Nimesema changu, ndiyo. Fundi ni mimi.

Wazazi wetu walipoondoka mimi nilikuwa na miaka ishirini na yeye minane. Nilikuwa na cherehani. Yeye alikuwa anakaa chini ya meza yangu ya kukatia, anaokota mabaki ya karatasi za vipimo, anachora. Mimi nikiwa kazini pini ziko mdomoni kutwa, na maneno nayatoa hivyo hivyo kwenye pembe. Wateja hawakuwa wakinisikia vizuri, yeye alisikia kila kitu, "usile chaki", "nenda kaoge", "huyo farasi ana miguu mitano". Ndiyo sababu picha zako mia tatu na ngapi zile zina pini. Hakuwa mvivu. Amenichora nilivyokuwa nikionekana kutoka chini ya meza.

Sasa sikia lililobaki. Kisa kilikwisha chapishwa zamani, halafu miaka saba iliyopita nikapasuliwa koo. Uvimbe ulitoka na sauti ikatoka nao. Midomo inakwenda, hewa inapita, lakini sauti hakuna. Nina kibao na chaki, ndiyo naongea navyo.

Kwa hiyo barua zako ziliponiomba midomo na sauti, kaka mtu akaingiwa na hofu. Anaogopa nitasikia mwanamke mwingine akisema maneno yangu nitaumia. Na anaogopa akiisikia hiyo sauti mpya ataisahau ile yangu. Hili la pili hajaniambia, ila nimemlea mwenyewe, namjua.

Lakini hakuniuliza! Hapo ndipo ninapokasirika. Tangu siku niliyotoka hospitali watu wote wananisemea. Muuza vitambaa ananichagulia rangi. Daktari anamweleza yeye ninavyojisikia, na mimi nimekaa hapo hapo. Na huyu mdogo wangu anayenipenda kuliko watu wote ameamua peke yake kwamba ninyamaze mpaka kwenye hadithi. Mimi nataka kusikika, mwanangu. Miaka saba inatosha.

Na karatasi yako niliiona kabla hajairudisha. Nilicheka mpaka nikakohoa. Umenipa meno ya malkia! Fundi gani wa cherehani ana meno hayo? Mimi nimekata uzi kwa jino moja miaka thelathini na tano, lina ufa kama umepigwa tupa, uzi unakaa humo wenyewe. Ndicho ulichokuwa hukioni. Usingeweza kukiona, hakipo kwenye picha hata moja.

Kuhusu sauti: ilikuwa nzito, imekwaruza kidogo, na ya haraka. Amenichora mpole, mwongo huyo. Nilikuwa mkali. Tafuta mwanamke anayejua kukaripia mtu anayempenda. Na asome akiwa ameshika kitu katikati ya midomo, ila mpe vijiti vya kiberiti, usije ukamuua mtoto wa watu kwa pini.

Mengine niachie mimi.

Dada Mkubwa


27 Aprili

Dada Mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma chooni, maana mezani nisingeweza, vijana wangu hawajawahi kuniona nikilia na sitaki waanze sasa.

Nimefanya ulivyosema. Tumewasikiliza wanawake kumi na wanne na vijiti vyao vya kiberiti. Mmoja alimeza kichwa cha kijiti, yuko salama, anakusalimu. Nimebakiza watatu, sauti zao nimezirekodi kwenye hiki kidude cha redio nilichofunga kwa pamba. Wote wamesoma maneno yale yale ya sura ya sitini, pale Fundi anapomvisha mtoro joho. Wa kwanza ana sauti nzuri kuliko wote. Wa pili anapendwa sana na watu. Wa tatu kwa kawaida anaigiza wachawi, na alikuja kwa makosa, alidhani tunatafuta mchawi. Sisemi nampenda nani.

Karatasi ya midomo sijaigusa tena. Najua sasa ninakosa nini, na najua si haki yangu kulikisia jino la mtu.

Ukimwonyesha Mzee au usipomwonyesha ni juu yako. Ukiona hakuna hata mmoja anayefaa, choma moto kidude chote, nami nitaandika haiwezekani kwa moyo mweupe. Safari hii nauliza kwanza.

Mwanao,
Kifutio


9 Mei

Binti yangu Kifutio,

Nimeshitakiwa, nimehukumiwa, na kifungo nimeshaanza kutumikia. Acha nikueleze.

Jana asubuhi nilikuwa nachora. Dada akaingia na ile redio uliyomtumia, akaiweka juu ya meza yangu, juu ya ukurasa wenye wino mbichi, akaketi mbele yangu na pini zake mdomoni. Bado anashona, sijui kama alikwambia. Akabonyeza.

Wa kwanza akaanza. Nikaelewa papo hapo ni nini, nikanyoosha mkono nizime, akanipiga kofi la vidole kama nilivyopigwa nikila chaki. Tukasikiliza. Wa kwanza alipomaliza, dada akatikisa kichwa. Wa pili alipokuwa katikati, akapiga miayo.

Kisha wa tatu. "Simama wima. Sijashona siku zote hizi ili joho livaliwe na mtu aliyejikunja. Wima, nimesema!"

Kalamu ilinidondoka. Nilimwangalia dada, midomo yake ilikuwa inakwenda na maneno, pini zinacheza, na kwa muda, binti yangu, sikujua sauti inatoka wapi. Haikuwa sauti yake. Yake nilikuwa naisikia ndani ya kichwa wakati ule ule, juu ya hiyo nyingine, wazi kabisa. Miaka saba niliogopa kwamba nikisikia nyingine hii itafutika, na kumbe ilikuwa inangoja kuitwa. Nililia. Nimeshachora watu wengi wakilia na sasa najua nilikuwa nakosea mabega.

Nikamuuliza, unataka? Swali lenyewe hilo tu. Akachukua kibao akaandika, "Ulikuwa unangoja nini?"

Nakuomba radhi kwa barua ya Aprili. Nilisema huyo si Fundi, na kwa jino ilikuwa kweli, lakini nilikutupia hasira ambayo haikuwa yako. Wewe uliniomba kitu ambacho mimi, kwa kumpenda dada, sikuwahi kumwomba. Na habari ya kibanda cha mama yako nilimsomea dada nikiwa nimesimama, kama vile yeye alivyosoma ya kwanza. Anasema mama yako akikaribia huku apitie, ana viatu vya kutengenezwa na hamwamini mtu.

Sahihi yangu imo ndani. Na karatasi ya midomo imo, nimechora mwenyewe. Alikaa dirishani, akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye mkono wa gauni, akaniangalia, akafungua mdomo. A. Akatulia mpaka nikamaliza. E. I. O. U. Hakuna sauti iliyotoka, na nilizisikia zote tano. Wa sita ni wa kunyamaza, akaniandikia kwenye kibao kwamba huo nisipoteze karatasi, ninao mia tatu themanini na nane. Nikauchora hata hivyo. Wa saba hukuuomba, ulimtoka kwa sababu nilikuwa nimejipaka wino puani. Ndio wa kucheka.

Kwenye kikao usiruhusu mtu arekebishe kitu. Ule ufa uko kwenye jino la mbele la juu, kushoto kwake. Usiufute.

Mzee Wino